Paka wa wageni, paka wa nyumbani, na godoro lililolowa

SWALI: Jambo Docta. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Noeli hii yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) anakuja kutoka Kolwezi na watoto watatu na paka wake wawili, mpaka Bonane (Mwaka Mpya) ipite. Mimi nina paka dume wa miaka minane, hajahasiwa. Mwaka jana tuliwaachia wote sebuleni wazoeane wenyewe. Mmoja wa paka wa yaya alijificha nyuma ya kabati siku mbili bila kula, na wangu akaanza kukojoa juu ya magodoro ya wageni. Tulicheka, tukasema ana wivu. Kuna kidonge cha kuwatuliza? Tena safari hii binti mkubwa wa yaya ana mimba ya miezi minne, na majirani wanasema paka wafukuzwe wote.

JIBU: Mama, nianze na hilo mlilolicheka, maana ndilo lililonishtua. Dume asiyehasiwa hurusha mkojo kuweka mipaka, ni kweli, lakini hapo husimama, mkia juu unatetemeka, na mkojo unapiga ukuta au pazia. Dimbwi katikati ya godoro ni habari nyingine. Paka aliyechuchumaa pale huenda kibofu kilikuwa kinamuuma. Hofu na vurugu za nyumbani huweza kumvimbisha paka kibofu bila kijidudu chochote, na kwa dume, ambaye mrija wake ni mwembamba, mkojo unaweza kuziba kabisa. Ukimwona anakwenda kuchuchumaa kila mara, analia, anajilamba chini ya mkia na hakitoki kitu, usingoje sikukuu iishe. Aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mlete siku hiyohiyo.

Sasa, "wazoeane wenyewe". Watoto wa binadamu huzoeana hivyo; paka hapana. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho, kwa hiyo wape pua nafasi. Wageni wa Kolwezi waingie moja kwa moja chumba kimoja chenye mlango unaofungika, pamoja na maji, chakula, choo na katoni ya kujifichia. Chukua kipande cha kitenge cha zamani, msugue nacho mmoja wao mashavuni, halafu kitandike chini ya sahani ya dume wako. Kingine mfanyie wako, kipelekwe chumbani. Siku ya kwanza anaweza kukinusa na kunguruma. Siku atakayokula juu yake bila kukijali, anza kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa, kisha uufungue kwa upana wa kiganja na kuushikiza kwa kamba. Wakikodoleana macho, masikio yamelala nyuma, funga urudi hatua moja. Inaweza kuchukua siku tatu, inaweza kuchukua likizo nzima. Wakimaliza Bonane bila kuonana, hakuna aliyepungukiwa.

Vyoo viwe vinne kwa paka watatu: idadi yao na kimoja zaidi, vilivyotawanywa. Beseni pana, mchanga wa ujenzi wa sentimita nne au tano, basi. Majivu ya mbabula (jiko la makaa) usiweke, yakilowa yanaunguza nyayo. Na yule wa kabatini akirudia kugoma kula, msimwache mpaka siku ya tatu, hasa kama ni mnene: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliharibu.

Kidonge cha famasi hapana, hata nusu. Kuna watu humpa paka parasetamoli akionekana mnyonge. Kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Waambie watoto mapema.

Kuhusu mimba, majirani wamesikia nusu ya habari. Ugonjwa wanaouogopa ni toksoplasmosi, wa kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Paka akiuchukua, kwa kawaida hutoa mayai ya kijidudu hicho kwenye mavi kwa wiki moja mpaka tatu tu, na mayai hayo huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuambukiza. Choo kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari inashuka sana. Binti asiguse mchanga ule wala asilime bustani bila glavu. Mimi ningehofia zaidi mshikaki usioiva vizuri na mboga zisizooshwa. Kumpapasa paka si tatizo.

Yaya naye apige simu kwa daktari wake huko Kolwezi sasa hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya tifusi ya paka (kutapika na kuhara kunakoua) na koriza (mafua ya paka). Sindano iliyochomwa asubuhi ya safari haijaanza kazi. Inahitaji wiki mbili mpaka nne hivi. Njiani, kila paka na kikapu chake kilichofunikwa, na kisifunguliwe gari likisimama Likasi, hata watoto walie vipi. Aje pia na mfuko mdogo wa mchanga kutoka choo cha nyumbani, wenye harufu yao. Umwage juu ya beseni la chumbani, watajua pa kwenda usiku wa kwanza.