Uliza Tukujibu: Kerneli ya Linux na Prosesa Yako

Swali: Nimejijengea kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwenye mashine ya x86-64 yenye diski ya NVMe. Nilinakili .config (faili ya machaguo) ya kerneli ninayoitumia, nikaendesha `make olddefconfig`, nikaijenga, ila sikutengeneza initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwanza kwenye RAM) kwa sababu nataka mashine iwake haraka. Inasimama kwenye "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ile ya zamani inawaka vizuri. Nimekosea wapi?

Jibu: Anza na zile namba mbili za mwisho. Sifuri mbili maana yake kerneli haikuona kabisa diski uliyoitaja. Ungeona namba halisi, kwa mfano 259 ambayo ni ya NVMe au 179 ambayo ni ya kadi za MMC, tungejua kwamba diski imeonekana na kinachokosekana huenda ni draiva ya mfumo wa faili.

Kwenye .config uliyonakili, CONFIG_BLK_DEV_NVME mara nyingi huwa m, yaani moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kando, baadaye). Moduli zinakaa /lib/modules, na /lib/modules iko kwenye diski ileile inayongoja draiva hiyo ndipo ifunguke. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kerneli ya zamani inapona kwa sababu initramfs yake imebeba nakala ya moduli hiyo hadi kwenye RAM kabla diski haijaguswa. Wewe umeiondoa initramfs, basi kila kitu kilichopo kati ya prosesa na mzizi wa mfumo lazima kiwe y, yaani kijengwe ndani ya kerneli yenyewe: CONFIG_BLK_DEV_NVME, na CONFIG_EXT4_FS kama mzizi ni ext4. Kama ni btrfs au XFS, weka y kwenye chaguo lake.

Bado kuna mtego wa pili, na huu huwashinda hata wazoefu. Soma /proc/cmdline (mstari wa amri ambao kerneli iliwashiwa nao). Ukikuta `root=UUID=...`, kerneli peke yake haiwezi kuitumia, maana UUID hiyo (namba ya utambulisho) imeandikwa ndani ya mfumo wa faili na kazi ya kuitafuta hufanywa na initramfs. Kerneli inaelewa PARTUUID, ambayo iko kwenye jedwali la partisheni. Endesha `blkid`, chukua thamani ya PARTUUID, kisha uandike `root=PARTUUID=...`. Usiporekebisha hapo, utaona sifuri zilezile mbili hata kama draiva zote ni y.

Ukihamia bodi ya ARM mnyororo unarefuka. Kwenye x86, majedwali ya ACPI (maelezo ya vifaa yanayotoka kwenye firmware) na basi la PCI huitambulisha kerneli kwa vifaa vingi. Kwenye bodi nyingi za ARM vifaa vimeelezwa kwenye faili ya DTB, na kadi ya SD haitaonekana mpaka draiva ya kidhibiti chake iwepo, pamoja na za saa, pini na umeme vinavyokihudumia. Kama chipu ya umeme inazungumza kwa I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu), basi hata draiva ya I2C inatakiwa iwe y. Kiungo kimoja kikibaki m, kidhibiti kitakaa kikisubiri bila mwisho. Ongeza pia `rootwait` (ngoja diski ya mzizi) kwenye mstari wa amri ya kerneli, kwa kuwa kadi ya SD huchelewa kujitambulisha.

Swali: Najenga kerneli ya bodi ya ARM ya biti 64 kwenye kompyuta ya x86-64. Niliandika `make ARCH=arm64 defconfig` (machaguo ya msingi), kisha `make menuconfig` (menyu ya kuyabadilisha), nikahifadhi. Machaguo yote ya bodi yametoweka, na ndani ya menyu naona mambo ya Intel. Naweza kuyarudisha?

Jibu: Unaweza, ukiwahi. Menuconfig inapohifadhi huacha faili ya awali kwa jina .config.old, kwa hiyo nakili faili hiyo pembeni sasa hivi kabla hujaendesha amri nyingine yoyote ya make.

Kilichotokea ni kwamba ARCH haikumbukwi kutoka amri moja hadi nyingine. Usipoitaja, make huchukua aina ya mashine unayoitumia, husoma .config yako kwa kanuni za x86, na chaguo lisilokuwemo kwenye x86 hutupwa kimyakimya. Andika hivi mara moja kwenye terminali kabla ya kazi:

`export ARCH=arm64`
`export CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-`

Kistari cha mwisho ni sehemu ya jina la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kerneli), usikiache. Angalia pia kuwa majina hayafanani: kerneli inasema arm64, kompaila inasema aarch64. Kwa ARM ya biti 32 ni `arm` na `arm-linux-gnueabihf-`; kwa RISC-V ya biti 64 ni `riscv` na `riscv64-linux-gnu-`. Kila unapotaka kuhakikisha, endesha `head -3 .config`. Mstari wa tatu unataja jukwaa: lazima usome Linux/arm64.

Kama unajengea majukwaa mawili au zaidi, tunakusihi uwe na folda ya kila moja: `make O=../jenga-arm64 defconfig`, na O= hiyohiyo kwenye kila amri inayofuata. Make ikilalamika kwamba msimbo si safi, itakutaka uendeshe `make mrproper`. Amri hiyo hufuta .config iliyopo, kwa hiyo ihamishe kwanza.

Swali: Nimebadilisha kerneli kwenye Raspberry Pi 5. Sasa swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) niliyokuwa nayo haikubali kuwaka, na programu moja inakufa ikisema "<jemalloc>: Unsupported system page size". RAM imeharibika?

Jibu: RAM yako ni nzima. Endesha `getconf PAGESIZE`. Bila shaka utaona 16384 badala ya 4096.

Prosesa za ARM za biti 64 zimeandaliwa kwa kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo RAM hugawanywa) za ukubwa wa aina tatu: 4K, 16K na 64K, ingawa si kila prosesa inaziweza zote. Unachagua moja wakati wa kujenga kerneli, kwa CONFIG_ARM64_4K_PAGES au wenzake. Kwenye x86-64 ukurasa wa msingi ni 4096 tu, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kukutana na jambo hili. Kurasa kubwa hupunguza kazi ya prosesa ya kutafsiri anwani, na kasi huongezeka kwenye kazi fulani. Gharama yake ni kwamba faili ya baiti 300 ikisomwa hukalia ukurasa mzima kwenye RAM: 4096 kwenye kerneli ya 4K, 16384 kwenye ya 16K.

Kichwa cha swap huandikwa kwa ukubwa wa ukurasa wa siku ilipotengenezwa. Iumbe upya kwa `mkswap`; hakikisha tu umeielekeza kwenye faili au partisheni sahihi, kwani hufuta kilichomo. Programu yako inayotumia jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) ilijengwa kwa kurasa za 4K na haina budi kujengwa upya. Kama huna msimbo wake, rudi kwenye kurasa za 4K: kwenye config.txt weka `kernel=kernel8.img`, kwa sababu kernel_2712.img ndiyo yenye 16K. Kwa mashine inayoendesha programu za watu wengine, sisi tungebaki na 4K.

Swali: Kerneli moja ya ARM ya biti 32 inawaka kwenye bodi ya Cortex-A15, lakini kwenye ya Cortex-A9 naona "Starting kernel ..." kisha kimya. Nilianza na multi_v7_defconfig (machaguo ya bodi nyingi za ARMv7) na kuongeza CONFIG_ARM_LPAE.

Jibu: LPAE (njia ya prosesa za ARM za biti 32 kufikia RAM zaidi ya 4GB) ndiyo inayokuzuia. Cortex-A7, A15 na A17 zinayo; A8 na A9 hazina, na kerneli hujisimamisha kabla koni (sehemu inayoonyesha ujumbe) haijafunguka. Iondoe, au jenga kerneli mbili.

Usijaribu kupata ujumbe kwa kuacha CONFIG_DEBUG_LL (ujumbe wa mapema kupitia bandari ya seriali) ndani ya kerneli ya bodi nyingi. Inafunga anwani ya bandari moja ya seriali, na bodi nyingine itanyamaza kwa sababu hiyo tu. Iwashe kwa kuchunguza bodi moja, kisha uizime.

Swali: Naandika CONFIG_ fulani=y kwenye .config, lakini nikiendesha make inapotea.

Jibu: Mara nyingi linategemea chaguo jingine ambalo limezimwa. Ndani ya menuconfig bonyeza `/`, andika jina bila CONFIG_, usome mstari wa "Depends on": kilichoandikwa [=n] (yaani kimezimwa) kwa kawaida ndicho cha kuwasha kwanza. Kama mstari huo unataja jukwaa lisilo lako, chaguo hilo halipatikani kwenye prosesa yako.