Futa hilo tangazo la cherehani kwanza

Mkuu, lifute, ndiyo tuongee. Umeandika una diploma, unarekebisha nguo barazani, wenzako wa chuo wanakutania kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiyo unauza mashine ukafungue butiki. Nimesoma mara mbili nikidhani ni mimi nimeandika, mwaka 2019.

Nilikuwa na baraza Tandika, hapa Dar es Salaam. Cherehani mbili na overloki. Kupunguza suruali, kubana mashati ya mitumba, kubadilisha zipu, na Januari sare za shule mpaka saa sita usiku. Kodi nalipa, silali njaa, ila nikiulizwa "siku hizi uko wapi?" najibu "niko kwenye mambo ya mitindo". Mitindo yenyewe kutia viraka kaptula za wanafunzi.

Nikaenda semina. Kiingilio 30,000, ukumbi wa hoteli, jamaa kavaa suti iliyomzidi mikono (mimi fundi, niliiona, na bado sikushtuka). Akatuambia maskini habanduki kwenye umaskini kwa sababu anang'ang'ania kazi za kimaskini. Tukapiga makofi! Yule bwana, popote alipo, Mungu amlipe sawasawa na ile suti. Biashara yake ilikuwa kutuuzia kiingilio.

Nikauza mashine zote tatu, 900,000. Nikachukua frem ya duka Sinza, 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka na yake ya mwezi mmoja. Hiyo 2,100,000 imeondoka sijatundika hata soksi. Nikajazia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, milioni mbili na nusu, marejesho kila wiki. Kioo, taa, mzigo wa Kariakoo, na midoli miwili ya kike ya kuvalisha nguo, ambayo baadaye niliipa majina, maana ndiyo niliyokuwa napiga nayo stori.

Sasa sikia kinachoniuma mpaka leo. Watu walikuja. Wanaingia na suruali mkononi, "Kaka, unapunguza?" Kila siku, watatu, wanne. Na mimi, mwenye mikono ya kazi hiyohiyo, nawajibu kwa sauti ya dukani: "Hapana, sisi tunauza tu." Nawaelekeza kwa mzee mmoja mwenye cherehani yake chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara. Jioni mzee ananiletea soda kunishukuru. Nilikuwa nainywa haraka, maana mchana sijala. Mwezi wa tano tangu nifungue, watu wa mkopo wakabeba midoli, na friji ya nyumbani juu.

Nimerudi Tandika. Nilianza na mashine ya kukodi, sasa nina yangu moja. Juzi kijana kaja na koti la mtumba, kesho yake asubuhi ana usaili. Nikafupisha mikono, nikabana kiuno. Akajitazama kwenye kioo cha bodaboda, akageuka, akajitazama tena. Hakusema kitu, alicheka tu peke yake. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba.

Butiki fungua ukitaka. Tundika nguo zako hapohapo ukutani, barazani. Ila mashine isitoke. Hata wakikupa milioni, isitoke.

Uliuliza na mambo ya TIN, ile namba ya mlipa kodi, na wakwe watakuonaje. Wakwe wapunguzie suruali bure. TIN wapo humu watakaokujibu, mimi nina zipu saba na mwenye nazo keshafika.