Mchana Sili, Usiku Siwezi Kuacha Kula

SWALI: Daktari, habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba Kibuye. Nina kilo 96 na najaribu kupunguza, kwa hivyo asubuhi natoka na chai ya rangi tu na mchana sili. Usiku nasonga ugali, tunakula na omena, lakini watoto wakilala narudi jikoni. Namaliza ugali uliobaki, chapati, mkate, haraka haraka, na hata nikishiba mkono hauachi. Sitapiki. Nikilala kifua kinawaka, maji machungu yanapanda kooni, tumbo linajaa gesi, asubuhi naharisha. Kliniki moja walisema ni ulcers, nyingine wakasema nipunguze mwili. Hili la jikoni sijamwambia mtu, naona aibu.
Mama wa Kibuye, Kisumu

JIBU: Mama, hilo la jikoni ndilo ulilopaswa kuulizwa kwanza, na nasikitika kwamba hukuulizwa.

Uzito unachangia, kweli. Mafuta ya tumboni hukandamiza mfuko wa chakula mchana na usiku, asidi ikapanda. Lakini si uzito peke yake. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wakazi wa Minnesota, Marekani: waliokula kwa namna yako walilalamikia zaidi kiungulia, tumbo kujaa na kuharisha, hata baada ya unene kuzingatiwa. Mfuko wa chakula hubeba kama lita moja hadi moja na nusu bila taabu. Ukiujaza kupita hapo kwa muda mfupi, msuli unaoufunga kwa juu hulegea, na ukilala papo hapo asidi inapata njia.

Kula kingi kwa haraka, ukishindwa kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ni ugonjwa wenye tiba. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua rasmi. Si ulafi, mama, na si udhaifu wa imani.

Sasa nakuomba jambo litakalokushangaza: acha kushinda njaa. Mwili ulionyimwa kutwa nzima huja kudai usiku. Kunywa uji na ule yai au nduma kabla ya kufungua kibanda. Mchana kula sahani ya kawaida pale sokoni, githeri au samaki na mboga, na usipitishe muda wa saa nne bila kitu tumboni. Hesabu ya kilo iache kwanza. Kukonda kwa haraka nako huleta mawe kwenye kibofu cha nyongo. Chakula cha jioni kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, na uinue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali.

Ulcers zinaweza kuwepo pia, basi omba kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda hivyo vya tumbo, kabla ya kuendelea kununua dawa. Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, omba mshauri nasaha na mtaalamu wa lishe, uwasomee barua hii kama ulivyoniandikia.

Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama unapomeza, au maumivu ya kifua yakishuka mkononi huku ukitokwa na jasho, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura usiku huo huo.