Malaria Hana, Homa Anayo: Fundi Maabara Mstaafu Anawajibu

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu anafuga ng'ombe na mbuzi huku Siha, Kilimanjaro. Ni wiki sasa ana homa kali, kichwa na viungo vinamuuma. Zahanati walimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka, kikaonyesha hana, lakini wakampa dawa mseto hivyohivyo. Homa haishuki. Je, kipimo kilikuwa kibovu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kwanza mpeleke mzee leo kwenye hospitali yenye maabara. Homa ya wiki nzima si ya kukaa nayo nyumbani. Haya mengine utayasoma kwenye foleni.

Sioni sababu ya kukilaumu kipimo. Kile kinatafuta protini ya kimelea cha malaria tu, magonjwa mengine hakiyajui. Kinachonikera ni mazoea yetu: mgonjwa akiambiwa hana malaria, anaona hajapimwa, na mhudumu naye anampa dawa ileile ili asirudi mikono mitupu. Siku hizi wakikosa malaria wanaandika "taifodi na UTI". Hilo nalo lina siku yake katika safu hii.

Jambo lenyewe lilichunguzwa jirani yenu tu, Moshi. Daktari John Crump na wenzake walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 hadi 2008, na matokeo yakachapishwa 2013. Wodini, wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Damu ilipochunguzwa kwa kina, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Niliposoma hesabu hiyo niliwasomea kwa sauti wenzangu wa maabara, na hakuna aliyebisha.

Wengine walikuwa na nini? Wapo 55 waliokutwa na chikungunya, homa ya mbu iliyotambuliwa mara ya kwanza hapa kwetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye ndoo na matairi yenye maji, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikuokoi. Watu 36 walikuwa na homa ya madoa, ile inayoletwa na kupe. Wengine walikuwa na homa za mifugo na panya, ambazo mtu huzipata kwenye mkojo wa wanyama, maziwa mabichi, au akimzalisha mbuzi kwa mikono mitupu.

Sasa mkague mzee: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukiona kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, mwonyeshe daktari, maana kupe mara nyingi huacha alama hiyo. Mwambie pia kama mzee alitoa kupe kwa vidole, au kama kuna mbuzi aliyetupa mimba zizini. Daktari asipoambiwa hayo hawezi kuyaotea. Homa ya kupe ina dawa nzuri, doksisaiklini, ila usikimbilie duka la dawa muhimu kuinunua kwa kukisia.

SWALI: Mama, bibi yangu wa Mvumi, Dodoma, anasema papasi wa kwenye nyumba za udongo wanaleta homa. Mjomba anamcheka, anasema ni imani za kizamani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Bibi. Papasi ni jamii ya kupe. Mwambie mjomba kuwa daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuwa Kongo akiichunguza homa hiyohiyo, ikamuua Februari 1905 akiwa na miaka 30. Kijidudu chenyewe kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa huku kwetu, aligundua kuwa papasi jike hupitisha vijidudu kwenye mayai, kwa hiyo kizazi kinachofuata huzaliwa navyo tayari.

Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi. Mlalaji haoni kitu. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, basi kuhama nyumba msimu mmoja hakumwondoi. Sakafu ya saruji na kuta zilizozibwa ndizo zinazomkosesha makazi. Wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wadogo.

Homa ya papasi hupanda siku chache, inaisha, mtu anarudi shambani, kisha inamwangusha tena. Kwenye slaidi, kile kioo cha damu kinachotazamwa kwa darubini, nilikuwa naviona vijidudu vyenyewe katikati ya chembe nyekundu, vyembamba, vimejisokota kama springi ya kalamu. Nilikuwa natafuta malaria, navikuta hivyo. Kipimo cha haraka kimeokoa wengi, sikisemi vibaya, lakini hakiwezi kukuonyesha springi hizo. Kwa hiyo bibi akishikwa na homa, ombeni slaidi, na damu itolewe homa ikiwa juu. Ikishuka, vijidudu huwa haba mno kuonekana. Akianza dawa abaki kituoni saa kadhaa, kwa sababu baada ya dozi ya kwanza wengi hutetemeka na homa kupanda ghafla, na watu wa nyumbani hudhani dawa imemdhuru.