Re: Nimemaliza kidato cha 4, niingie gereji moja kwa moja?

Mdogo wangu, umeuliza kama uende gereji kwa mjomba au usubiri kidato cha 5. Mi nasema nenda, ila usiende kichwakichwa. Nilivyomaliza shule niliingia kwenye kuchomelea mageti mtaani, miezi ya mwanzo hakuna mshahara ni hela ya kula tu na kubeba vyuma, fundi alinizungusha karibu mwaka ndo nikaanza kushika mashine, kwa hiyo kabla hujaanza kaeni muelewane posho ni sh ngapi kwa siku na lini utaanza kulipwa kama fundi, na mama yako awepo asikie kabisa maana undugu na kazi vikichanganyika hapo ndo ugomvi unapoanzia. Matokeo ya NECTA yakitoka cheti kitunze, ukiwa na krediti 3 (yaani masomo matatu ya C kwenda juu) unaweza kufanya mtihani wa kidato cha 6 baadae kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na ujuzi wa gereji haupotei bure, VETA (wale wa mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza mtaani, wanauita RPL, ukifaulu unapewa cheti. Ulizia chuo chao kilicho karibu na wewe.