Jibu: Nepi za kitambaa au pampasi?

Salamu mama. Umeuliza uchague nepi za kitambaa au pampasi, na maji unanunua kwa jerikeni. Kabla ya bei, angalia kwanza kamba yako ya kuanikia. Sisi hapa Kampala tulikuwa na nepi 18. Mvua ya Aprili ikaja, zikakaa sebuleni siku 2 bila kukauka, nyumba ikanuka mkojo. Sasa mchana kitambaa, usiku na safarini pampasi.

Nepi ikianikwa nje ipige pasi ya moto, hasa kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake huingia ngozini. Mwanangu alitolewa mmoja kiunoni, weee! Dawa ya kulainisha nguo usitie, nepi haitafyonza vizuri.