Bunge letu lina meno kiasi gani?

Wasomaji wanne wameuliza kuhusu Bunge la Muungano wa Tanzania. Nawajibu kwa Katiba ya 1977, ambayo natamani kila nyumba iwe na nakala yake.

Ni kweli Rais ni sehemu ya Bunge?

Kweli. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Rais si mbunge, lakini bila kibali chake muswada hauwi sheria.

Je, akikataa kuusaini?

Anaurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote (wote, si waliokuwemo ukumbini siku hiyo), unapelekwa kwake upya. Ibara ya 97 inampa siku 21: aukubali, au alivunje Bunge. Wengi huishia hapo na kusema Rais ameshika mpini. Someni na ibara ya 38: Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho huwa wazi, uchaguzi unaitishwa. Anayewarudisha wabunge kwa wapiga kura anarudi nao. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote, maana ugomvi wa wakubwa unaletwa kwetu tuuamue.

Mbunge wetu anasema atatuongezea fedha za barabara kwenye bajeti. Anaweza?

Peke yake, hapana. Chini ya ibara ya 99, mbunge anaweza kutaka kodi au matumizi yapunguzwe. Kuongeza kunahitaji pendekezo la Rais, liletwe na waziri. Lakini anaweza kumbana waziri kwa maswali hadi barabara hiyo iingizwe kwenye mpango. Mdaini hilo.

Bunge linaweza kumfukuza waziri?

Kwa kura, ni Waziri Mkuu tu. Ibara ya 53A inataka hoja isainiwe na angalau asilimia 20 ya wabunge, kisha iungwe mkono na wabunge walio wengi. Waziri Mkuu akitoka, mawaziri wote wanapoteza nafasi zao. Februari 2008 haikufika kwenye kura: kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake ya mkataba wa umeme wa Richmond, Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Kilichofanya kazi pale ni uchunguzi, nyaraka na ripoti iliyosomwa hadharani.